Wastani Hautoshi: Shaba ya Katanga na Umbo la Mtawanyiko Wake

Mbali kaskazini ya Lubumbashi, katika bonde la Upemba ambako mto Lualaba hutawanyika kuwa maziwa na vinamasi, hakuna shaba ardhini. Hata hivyo makaburi ya kale ya bonde hilo yana shaba nyingi. Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba Sanga, kando ya Ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958. Pierre de Maret akaendeleza kazi hapo mwaka 1974, na mwaka uliofuata akachimba Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba Nkulu. Pamoja na vyungu, mapambo na zana za chuma walizozikwa nazo wafu, ilitoka misalaba ya shaba, ile inayojulikana Katanga kwa jina la handa, iliyobebwa kutoka ukanda wa shaba wa kusini. Mwaka 1981 de Maret alichapisha makala kuhusu mabadiliko ya fedha katika eneo hilo kati ya karne ya 7 na ya 18, na sehemu kubwa ya hoja yake ilitegemea kazi inayohitaji subira kuliko ujuzi wa kubuni: kupima. Misalaba ya zamani, ya tangu karne ya 13 hivi, ni mikubwa na inatofautiana sana. Ile ya karne ya 16 hadi ya 18 ni midogo, ni mingi, na inafanana. Katika kufanana huko de Maret aliona chombo cha heshima kikigeuka polepole kuwa fedha ya kununulia vitu vya kila siku.

Hoja yangu ni kwamba historia nzima ya shaba ya Katanga inapaswa kusomwa kwa jicho hilo. Tumezoea kuisimulia kwa jumla na wastani: tani kadhaa kwa mwaka, asilimia kadhaa ya shaba ndani ya jiwe. Lakini mambo yaliyoamua maisha ya watu hapa, kuanzia fedha gani iaminiwe hadi jiwe lipi liitwe mali na lipi litupwe, hayakuamuliwa na wastani. Yaliamuliwa na umbo la mtawanyiko: vipimo vimerundikana wapi, vimepungua wapi, na mkia wake unafika umbali gani. Hisabati ya kushughulikia maumbo hayo ipo, na sehemu muhimu ya hisabati hiyo ilizaliwa migodini, katika bara hili hili.

Chukua urefu wa msalaba mmoja. Hauhesabiki kwa vidole kama mbuzi au vikapu. Unaweza kuwa sentimita 5, au 5.1, au namba yoyote iliyo katikati, na kipimo kikali zaidi kitaonyesha tarakimu nyingine zaidi. Kipimo cha aina hii, kinachobadilika kutoka kitu hadi kitu bila kutabirika na kinachoweza kuangukia popote kwenye mstari, huitwa na wanahisabati kigeu nasibu endelevu. Swali linalomjia kila mtu, yaani kuna uwezekano gani msalaba uwe na urefu wa sentimita 5 kamili, lina jibu linalosumbua: sifuri. Kadiri unavyobana ukubwa wa kipande unachokiulizia, ndivyo sehemu ya misalaba inayoangukia humo inavyopungua, mpaka isibaki kitu. Baadhi ya wasomaji hupinga hapa, na wana sababu: msalaba uliopo mkononi una urefu fulani, basi jambo lenye uwezekano wa sifuri limetokeaje? Jibu ni kwamba swali lenyewe halimhusu mtu yeyote anayepima kweli. Mpimaji hauulizi mstari kuhusu nukta. Huuliza kuhusu kipande: kati ya sentimita 4.9 na 5.1 kuna misalaba mingapi katika kila mia?

Hapo ndipo linapoingia wazo la msongamano wa uwezekano. Hakuna mtu anayeishi kwenye nukta ya ramani, lakini tunasema bila shida kwamba mtaa wa Kamalondo mjini Lubumbashi una watu wengi kwa kila kilomita ya mraba kuliko mashamba yaliyo nje ya jiji, na ili kujua idadi tunazidisha msongamano kwa eneo. Msongamano wa uwezekano hufanya kazi ile ile juu ya mstari wa vipimo. Unachora histogramu, unagawanya sehemu ya kila nguzo kwa upana wake, kisha unapunguza upana huo mpaka ngazi za nguzo zilainike kuwa mchirizo mmoja. Kimo cha mchirizo si uwezekano. Uwezekano ni eneo lililo chini yake kati ya vipimo viwili, na eneo lote ni 1. Ndiyo maana kimo kinaweza kuzidi 1 bila kosa lolote: ikiwa misalaba yote imetawanyika sawasawa ndani ya nusu sentimita, basi msongamano wake ni 2 kwa kila sentimita, kwa sababu 2 mara nusu ni 1. Wanafunzi wengi hukwama hapa, nami naona sababu ni kwamba hufundishwa kanuni kabla ya kuonyeshwa kitu kinachopimwa. Kwa misalaba ya Upemba, maana yake inaonekana wazi: mchirizo wa misalaba ya zamani ni kilima kipana na kifupi, na ule wa misalaba ya baadaye umebanwa ukapanda juu.

Je, ushahidi huo unatosha? Kuna pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba kitu kidogo hutofautiana kwa kiasi kidogo kwa sababu tu ni kidogo. Milimita 5 ni kosa dogo kwenye msalaba mrefu na kosa kubwa kwenye msalaba mfupi. Hili ni kweli, na kwa hiyo anayelinganisha hana budi kugawanya mtawanyiko kwa wastani wake kabla ya kutoa hukumu. Ya pili ni kwamba kufanana kungeweza kutokana na karakana moja iliyotumia kalibu zile zile, bila nia yoyote ya fedha. Ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni kwamba kaburi si soko. Kile ambacho jamaa walichagua kumzika nacho mpendwa wao si sampuli ya haki ya kile kilichokuwa kikipita mikononi mwa walio hai. Majibu hayawezi kutoka kwenye mchirizo peke yake. Yanatoka kwenye mambo yanayoungana nao: misalaba midogo ni mingi zaidi, huonekana katika mafungu, na imewekwa karibu na mikono au nyonga za wafu, mahali pa kitu kinachobebwa na kutolewa. Karakana moja ingeeleza kufanana kwa kizazi kimoja, si kwa karne mbili na katika makaburi ya vijiji mbalimbali. Kuhusu kaburi kuwa chujio, chujio hilo lilikuwapo pia nyakati za misalaba mikubwa, na linaloshuhudiwa ni badiliko kati ya nyakati mbili, si hali ya wakati mmoja. Mtawanyiko mwembamba ndio uliowezesha misalaba kuhesabiwa badala ya kupimwa mmoja mmoja, na kitu kinachohesabika bila kupimwa kiko hatua moja tu kabla ya sarafu. Katanga iliyojitenga na Kongo ilipotoa sarafu zake mwaka 1961, ilichora juu yake msalaba huo huo.

Wembamba huo ulitengenezwa na watu. Ardhi haikuutoa. Mafundi wa Katanga, ambao Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliandika makala kuwahusu mwaka 1926 akiwaita walaji wa shaba, waliokota malakiti ya kijani, wakaichagua kwa mkono, wakaiyeyusha kwa makaa na mivukuto, kisha wakaimimina kwenye kalibu. Kila hatua ya kazi hiyo ilipunguza tofauti. Kuchagua kuliondoa mawe maskini, tanuri likachanganya yaliyobaki, kalibu ikaweka mpaka wa umbo. Hisabati ya kuchanganya ni rahisi na ina nguvu sana: ukichanganya vikapu 100 visivyotegemeana, mtawanyiko wa mchanganyiko unakuwa sehemu ya kumi tu ya mtawanyiko wa kikapu kimoja, ilhali wastani haubadiliki hata kidogo. Msomaji makini atauliza kama vikapu kutoka shimo moja kweli havitegemeani. Havikosi kutegemeana: jiwe tajiri huwa na jirani tajiri. Swali hilo ndilo lililokuja kuzaa taaluma nzima, na tutalifikia.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na tarehe 30 Juni 1911 tanuri la kwanza kando ya mto Lubumbashi likatoa shaba, kwa mawe ya mgodi wa Étoile ulio jirani. Mawe hayo yalikuwa na shaba zaidi ya asilimia 10. Wakati huo huo huko Bingham Canyon, jimbo la Utah, Marekani, Daniel Jackling alikuwa akichimba kwa makoleo ya mvuke mawe yenye shaba ya takriban asilimia 2 tu, na akipata faida. Kwa kutazama wastani mtu atasema Katanga ilikuwa tajiri mara tano ya Utah. Ulinganisho huo hauna haki. Utah ilikuwa inachukua kilima chote cha mchirizo, ikila karibu kila kilichokuwemo mlimani. Katanga ilikuwa inachukua mkia wa kulia peke yake, kwa sababu makaa ya kuyeyushia na usafiri wa kufika baharini viligharimu kiasi kwamba jiwe la asilimia 4 lilikuwa hasara. Wastani wa asilimia zaidi ya 10 haukuwa sifa ya ardhi ya Katanga. Ulikuwa sifa ya kizingiti ambacho kampuni iliweka. Ukikata mchirizo kwa kisu na kuhesabu wastani wa upande wa kulia tu, utapata namba kubwa popote duniani.

Kizingiti kilishuka baadaye. Kiwanda cha kutajirisha madini cha Panda, Likasi, kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kile cha Shituru kilichotumia asidi na umeme kilianza mwaka 1929. Kila mbinu mpya ilisogeza kisu upande wa kushoto, na mamilioni ya tani za mawe yaliyokuwa udongo tu yakageuka akiba bila hata moja kati yao kubadilika. Anayesoma takwimu za ubora wa mawe zikishuka mwaka hadi mwaka akasema ardhi ilikuwa inakwisha anachanganya mambo mawili: mchirizo kuisha, na kisu kusogea.

Walioanza kuliweka jambo hili katika hesabu kamili walikuwa kusini zaidi. G. A. Watermeyer aliandika mwaka 1919 kuhusu kutumia nadharia ya uwezekano katika kukadiria akiba za migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Herbert Sichel, kuanzia mwaka 1947, alionyesha kwamba vipimo vya dhahabu vya Witwatersrand havifuati kilima kile chenye mabega mawili yanayolingana. Vimeegemea kushoto, na kulia vina mkia mrefu. Lakini ukichukua logaritimu ya kila kipimo, kilima kinarudi kuwa na mabega sawa. Danie Krige, mhandisi kijana, aliichukua njia hiyo katika tasnifu yake ya mwaka 1951 katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Georges Matheron, Mfaransa aliyeanza kazi hizi Algeria mwaka 1954, aliifanya kuwa taaluma yenye jina lake, jiostatistiki, na njia ya kukadiria akaiita kwa heshima ya Krige.

Mfano mmoja unaonyesha kwa nini walijali umbo hilo. Chukua madini ambayo logaritimu za vipimo vyake zina mtawanyiko sanifu wa 1. Hesabu inatoa matokeo ambayo macho hayakubali upesi: wastani ni mkubwa kuliko kipimo cha katikati kwa karibu mara 1.65, ni mawe 31 tu kati ya 100 yanayofikia au kupita wastani, na mawe hayo 31 yana asilimia 69 ya madini yote. Anayepima mawe machache kwa bahati nasibu atakutana mara nyingi na mawe yaliyo chini ya wastani, akatangaza mgodi ni maskini. Mwingine atagonga jiwe moja la mkiani, akatangaza utajiri usiokuwepo. Wote wawili wamepima kwa uaminifu, na wote wamedanganywa na mchirizo wasioujua.

Atakayesema kwamba shaba ya Katanga si dhahabu ya Witwatersrand atakuwa amesema kweli. Shaba ya hapa imelala kwenye matabaka, inabadilika kwa utaratibu kuliko dhahabu, na mkia wake si mrefu kiasi hicho. Lakini pingamizi hili linaitia nguvu hoja badala ya kuiangusha, maana matabaka ya Katanga yana umbo lake la pekee. Wanajiolojia wanaojua mfululizo wa miamba uitwao Roan hutaja miili miwili ya madini, wa chini na wa juu, iliyotengwa na mwamba wa silika wenye vitundu ambao mara nyingi ni maskini. Changanya sampuli za tabaka zote tatu kwenye histogramu moja, na unaweza kupata vilima viwili, kimoja cha mawe maskini na kimoja cha mawe tajiri, na bonde katikati. Wastani utaangukia bondeni, kwenye kiwango ambacho karibu hakuna jiwe linalokibeba. Mtu akipanga kiwanda kwa wastani huo anapanga kwa jiwe lisilokuwepo. Kobalti, inayokaa na shaba hiyo hiyo, ina mkia mrefu zaidi, na kwake onyo la Sichel linafaa karibu neno kwa neno.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la kifalsafa, na wahandisi wengi wa zamani walilishikilia. Madini hayarushwi kama dadu. Kila jiwe chini ya mgodi wa Kipushi lina kiasi chake cha shaba tangu mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na kiasi hicho hakitabadilika kwa sababu sisi hatukijui. Unawezaje basi kukiita kigeu nasibu? Matheron alilijibu hili kwa uzito katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu kukadiria na kuchagua. Nasibu, alisema kwa maana, si mali ya mlima. Ni mali ya mfano tunaoujenga ili kuuelezea mlima, na mfano huo unahukumiwa kwa jinsi utabiri wake unavyolingana na kile kinachochimbwa kweli. Naliona jibu hilo kuwa sahihi, tena kuwa la unyenyekevu: halidai kujua ardhi ilivyoumbwa, linadai tu kwamba makadirio yaje na kiasi cha makosa yake, kisha yapimwe. Na hapa ndipo lile swali la vikapu jirani linapopata jibu. Variogramu ya Matheron hupima ni kwa umbali gani mawe mawili huacha kufanana. Bila hiyo, anayechoronga mashimo kumi karibu karibu huamini ana shuhuda kumi, kumbe ana shuhuda wachache waliorudia neno moja.

Ugunduzi wa Krige unaonihusu zaidi ni mwingine. Aliona kwamba vipande vya mgodi vilivyokadiriwa kuwa tajiri sana hutoa dhahabu pungufu kuliko makadirio, na vile vilivyokadiriwa kuwa maskini hutoa zaidi. Hakuna aliyedanganya. Sampuli ni ndogo, kipande ni kikubwa, na mtawanyiko wa vitu vidogo ni mpana kuliko wa vikubwa kwa sababu ile ile iliyofanya tanuri la mafundi wa kale lipunguze tofauti. Ukichagua kwa kutazama sampuli za juu kabisa, umechagua kwa sehemu utajiri na kwa sehemu bahati, na bahati haichimbiki. Upande wa pili wa jambo hili hausemwi mara nyingi, nao ndio wenye uzito kwa Katanga: mawe yaliyotupwa kwa kuhukumiwa na sampuli ndogo yalikuwa, kwa wastani, tajiri kuliko sampuli zao zilivyosema.

Katika miji ya shaba ushahidi umelundikwa wazi. Kando ya bomba refu la moshi la Lubumbashi ulikua mlima mweusi wa mabaki ya tanuri, na karibu na mwaka 2000 ubia wa kampuni ya serikali ya Gécamines, kampuni ya Marekani ya OM Group na kundi la George Forrest ulianza kuuyeyusha upya kutafuta kobalti ambayo matanuri ya kwanza hayakuihesabu kuwa mali. Kolwezi, masalia ya kiwanda yaliyomwagwa Kingamyambo na kwenye mto Musonoi yalikadiriwa kuzidi tani milioni 100, yakiwa na shaba ya karibu asilimia 1.5, kiwango kisicho mbali na kile kilichoanzisha Bingham Canyon. Baadhi ya wahandisi husema hakuna kosa hapo, kwa sababu kila kizingiti kilikuwa sahihi kwa bei na mbinu za siku zake. Nakubali kwa upande wa bei. Lakini kizingiti sahihi kikitumiwa juu ya makadirio yasiyorekebishwa bado hutupa kisichopaswa kutupwa, na hesabu ya kurekebisha ilikuwa imechapishwa tangu mwaka 1951. Bunge la Kongo lilipopitisha Sheria ya Madini mwaka 2002, liliweka ndani yake kibali cha pekee cha kuchimba mabaki, tofauti na kibali cha kuchimba mlima wa asili.